Feni ya Geto na Injini ya Ndege

Mwaka juzi, mwezi wa Julai, kusi likivuma kwelikweli, nilimpeleka shangazi yangu Dar es Salaam kwenye kliniki ya macho. Wanaokijua kiwanja chetu cha ndege cha Abeid Amani Karume wanajua kwamba mara nyingi unatoka nje ya jengo na kutembea kwa miguu mpaka kwenye ngazi ya ndege. Tulipoikaribia ndege, injini ilikuwa imezimwa, lakini upepo ulikuwa unaizungusha ile feni kubwa ya mbele taratibu. Na feni ilikuwa inalia. Ka, ka, ka, ka. Kama vijiko ndani ya beseni.

Shangazi akasimama.

"Mwanangu, unasikia?"

"Nasikia, shangazi."

"Vyuma vimelegea vile. Mie sipandi."

Nikamwambia ndege zote ziko hivyo. Akaniuliza kwa nini. Nikanyamaza. Akaniangalia, akageuka, akarudi zake ndani. Tiketi ikapotea hivyo. Kesho yake tukapanda boti, bahari imechafuka, tukafika Dar yeye hata kusimama hawezi, na siku ya kliniki imeshapita. Akapangiwa tarehe nyingine baada ya wiki sita. Kwa mtu mwenye presha ya macho, wiki sita si kidogo.

Tiketi haikuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba mimi nasoma uhandisi mitambo. Mtihani wa mitetemo nilikuwa nimeshaufanya na nikapata B. Milinganyo naijua. Lakini pale chini ya ngazi sikuwa na sentensi hata moja ya Kiswahili ya kumwambia mtu aliyenilea. Makala hii ndiyo ile sentensi niliyoikosa, imekuwa ndefu kidogo.

Tuanzie geto

Chumba changu kipo Mkunazini, na feni yake ya dari nikiitia namba tano inacheza mpaka unaogopa kulala chini yake. Siku moja nikachukua sarafu ya shilingi mia mbili, nikaibandika kwa gundi ya karatasi juu ya panga moja. Ikazidi. Nikaihamishia panga la pili, ikapungua. Panga la tatu, ikazidi tena. Nikairudisha la pili, nikaisogeza kidogo kuelekea ncha, feni ikatulia. Sarafu ipo mpaka leo.

Nilichofanya pale ndicho wanachofanya mafundi wa gereji wakibalansi tairi kwa vile virisasi pembeni ya rimu. Ndicho pia wanachofanya mafundi wa injini za ndege, isipokuwa wao wana vipimo na mimi nina sarafu. Kitu kinachozunguka kikiwa kizito zaidi upande mmoja, ule upande mzito unavuta kutoka nje. Nguvu ya mvuto huo ni uzito uliozidi, mara umbali wake kutoka katikati, mara mraba wa kasi ya mzunguko. Hilo neno mraba lishike vizuri, maana balaa lote limo humo.

Hebu tupige hesabu. Feni ya dari inazunguka kama mara 300 kwa dakika. Sarafu ya gramu 8 ikiwa sentimita 60 kutoka katikati inavuta kwa nguvu inayolingana na uzito wa nusu kilo hivi. Inatosha kuitingisha feni, haitoshi kuing'oa.

Sasa nenda kwenye zile Cessna Caravan zinazoruka kila siku kati ya Unguja, Pemba na Dar. Injini yake ni PT6A ya Pratt & Whitney Canada. Mbele unaiona propela, ambayo haizidi mizunguko 1,900 kwa dakika. Lakini ndani, ile sehemu inayosukuma hewa na kuzungushwa na moto, ikiwa kwenye asilimia 100 inafikia kama mizunguko 37,500 kwa dakika. Hiyo ni mara 625 kila sekunde. Ni mara 125 ya feni yangu, na kwa sababu ya ule mraba, uzito uleule kwenye umbali uleule utavuta mara 15,625 zaidi.

Chukua gramu moja tu, iweke sentimita 10 kutoka katikati, izungushe kwa kasi hiyo. Itavuta kwa nguvu ya kilo kama 157. Mifuko mitatu ya saruji, wenzangu, kutokana na gramu moja! Na mvuto wenyewe unageuka upande mara 625 kwa sekunde, unazigonga beringi. Ndiyo maana rota za injini husawazishwa kiwandani mpaka kinachobaki ni sehemu ndogo sana ya gramu, kwa kukwangua chuma hapa au kuongeza kijiuzito pale. Sifuri kamili haipatikani. Mtetemo haumalizwi, unadhibitiwa tu.

Kasi isiyokalika

Uliwahi kupanda daladala ya Tunguu ambayo ikifika kasi fulani vioo vyote vinalia, dereva akiongeza mafuta vinanyamaza? Basi umeshakutana na jambo la pili.

Kila kitu chenye unyumbufu kina mdundo wake kinaoupenda. Kumbuka bembea za sikukuu kule Kariakoo. Ukimsukuma mtoto ovyo ovyo, bembea haiendi popote. Ukimsukuma kila anaporudi, kwa wakati wake, hata kidole kimoja kinampandisha juu mpaka mama yake apige kelele. Shafti ya injini nayo ni hivyo hivyo. Ina mdundo wake wa kupinda, na mzunguko ukilingana na mdundo huo, kila mzunguko unakuwa msukumo wa bembea. Wahandisi wanaiita kasi ya hatari.

Mwaka 1869 mhandisi mkubwa wa Scotland, William Rankine, aliandika kwamba shafti haiwezi kufanya kazi salama juu ya kasi hiyo. Watu wakamwamini. Miaka 20 baadaye, 1889, Gustaf de Laval wa Sweden akaizungusha turbini yake ya mvuke kwa shafti nyembamba inayonyumbuka, akaipitisha kasi ya hatari haraka haraka, na upande wa pili ikatulia. Maelezo yaliyoeleweka vizuri yalikuja 1919 kutoka kwa Henry Jeffcott. Ukishavuka kasi ile, rota huacha kuzunguka kwenye katikati ya umbo lake na huanza kuzunguka kwenye katikati ya uzito wake, kwa hiyo inajituliza yenyewe.

Hivyo injini nyingi za leo hufanya kazi juu ya kasi moja au zaidi za hatari. Kila zinapowashwa na kila zinapozimwa, zinapita pale. Kanuni ni moja: pita, usikae.

Na katika kupita kwenyewe, injini ina shokapu yake. Beringi nyingi za injini za ndege hazikukazwa moja kwa moja kwenye chuma cha nje. Ringi yake ya nje huelea kwenye utando wa oili mwembamba mno, sehemu ndogo ya milimita. Rota ikitaka kuyumba, lazima ikamue ile oili, na oili inakataa kukamuliwa upesi. Nguvu ya kuyumba inageuka joto, joto linaondoka na oili. Kimsingi ni kazi ileile inayofanywa na shokapu ya daladala kwenye mashimo ya barabara.

Panga likichoka

Shafti ni moja, lakini mapanga ni mengi, na kila panga nalo lina midundo yake. Kinachoyasukuma ni hewa. Nyuma au mbele ya mapanga yanayozunguka kuna mapanga mengine yaliyosimama, ya kuielekeza hewa. Kila panga linapopita nyuma ya moja lililosimama, linapigwa kofi dogo la hewa. Tuseme yaliyosimama ni 14. Kwa mizunguko 625 kwa sekunde, kila panga linapigwa makofi 8,750 kwa sekunde. Makofi milioni moja yanatimia kabla ya dakika mbili kwisha. Safari ya dakika 20 kwenda Dar ni zaidi ya makofi milioni 10.

Chuma nacho huchoka. Ukiupinda waya mara moja haukatiki, ukiupinda na kuukunjua mara nyingi unakatika, na mkono wako haukuongeza nguvu yoyote. Kama makofi yale yakilingana na mdundo wa panga, ufa mdogo huanza na kukua bila mtu kuuona. Mwaka 1924 Wilfred Campbell, mhandisi wa General Electric huko Marekani, alichapisha kazi yake juu ya mitetemo ya magurudumu ya turbini. Mchoro unaobeba jina lake mpaka leo ni rahisi: midundo ya panga inachorwa kwa mistari, makofi yanachorwa kwa mistari mingine, na pale mistari inapokatana ndipo kwenye kasi ambayo injini haitakiwi kukaa.

Mfano upo karibu nasi. Air Tanzania ilipokea Airbus A220-300 yake ya kwanza Desemba 2018, na ndege hizo zinatumia injini za familia ya PW1500G. Mwaka 2019 injini za familia hiyo kwenye ndege za shirika la Swiss ziliharibika angani mara tatu, Julai, Septemba na Oktoba. Katika matukio ya mwanzo iliyovunjika ilikuwa rota ya hatua ya kwanza ya kompresa ya shinikizo la chini. Ndege zote zilitua salama. Oktoba ile mamlaka ya usafiri ya Kanada, nchi ambako ndege hiyo ilibuniwa, iliagiza kwamba juu ya futi 29,000 injini isizidishe asilimia 94 ya kasi ya feni, kwa kuwa kupanda juu kwa nguvu kubwa kulishukiwa kuchangia. Pamoja na ukaguzi wa vyuma, dawa ya haraka iliyopatikana ilikuwa ile ile ya de Laval: hapa msikae.

Kwa nini inalia

Sasa turudi kwa shangazi. Jibu nililipata baadaye, nilipokwenda mafunzo kwa vitendo kwenye karakana moja ya ndege ndogo, kwa fundi mmoja mtu mzima ambaye zamani alishughulika na ndege kubwa.

"Fundi, kwa nini feni inalia ikizungushwa na upepo?"

"Kwa sababu mapanga yamelegea," akasema, kama mtu anayetaja siku ya leo.

Kumbe shangazi alikuwa sahihi. Panga la feni halikuchomelewa kwenye kitovu. Lina mzizi wenye umbo la mkia wa hua, unaoingia kwenye mfuo na kuachiwa nafasi kidogo. Likiwa juu linaangukia huku, likiwa chini linaangukia kule, linagonga: ka. Nafasi ile inarahisisha kulitoa panga moja bovu bila kuvunja kila kitu, na inaacha chuma kitanuke.

Injini ikiwaka mambo yanabadilika. Chukua panga la kilo 5, uzito wake ukiwa nusu mita kutoka katikati, kwa mizunguko 5,000 kwa dakika. Linajivuta nje kwa nguvu ya karibu tani 70, yaani Caravan 17 zilizojaa abiria, zote zimening'inia kwenye panga moja. Likivutwa hivyo linabanwa kwenye mfuo wake kuliko boti yoyote ingeweza kulibana. Na pale linapotaka kutetema, vyuma viwili vinasuguana kidogo kwenye mzizi, na msuguano unaula mtetemo. Kwenye turbini, kule kwenye moto, wahandisi huongeza makusudi vipande vidogo vya chuma chini ya mapanga, visivyokazwa, ili visugue tu. Kilichokazwa moja kwa moja kinalia muda mrefu kama kengele. Kilichoachiwa kidogo kinanyamaza upesi.

Namba niliyoiandika bila kuisoma

Kosa langu lilitokea huko huko karakanani. Kulikuwa na Caravan moja ambayo rubani alilalamika kuwa kiti kinatetema. Tulibandika kihisi kwenye injini na utepe unaong'aa kwenye panga moja la propela, tukaiwasha chini. Mtetemo hupimwa kwa inchi kwa sekunde, na kifaa kinautenganisha kwa midundo: unaokuja kama mara 30 kwa sekunde ni wa propela, unaokuja mara mia kadhaa ni wa ndani. Ulikuwa wa propela. Tukaongeza vijiuzito, ukashuka mpaka 0.06. Kikomo tulichokuwa tunafuata ni 0.2.

Wiki moja baadaye nikapima, 0.09. Nikaandika "sawa". Wiki ya pili 0.16. Iko chini ya 0.2, nikaandika "sawa", nikaenda kula.

Fundi akaniita, daftari mkononi. "Kijana, hii namba umeiandika au umeisoma?"

"Iko chini ya kikomo, fundi."

"Kikomo ni cha siku ya mwisho. Propela hainenepi. Kitu kimehama."

Tulifungua kifuniko cha mbele tukakuta grisi imetoka kwenye mzizi wa panga moja, sili imechoka. Haikuwa imeleta madhara. Lakini mimi, mwenye B yangu, nilikuwa nimeona namba inakaribia mara tatu ndani ya wiki mbili nikaiita sawa mara mbili. Wahenga wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta, ila wao walidhani ufa unaonekana. Huku ufa hauonekani. Unaonekana kwenye daftari tu, na kwa sharti kwamba aliyeandika ameandika kweli.

Mitambo mikubwa nayo inaishi kwa kanuni hiyo. Umeme wetu Unguja unapita kwenye kebo chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba, na gridi ya Bara inalishwa na mabwawa pamoja na turbini za gesi kama za Kinyerezi. Mitambo ya aina ile huwa na vihisi kwenye beringi zake. Mtetemo ukizidi kiwango, mtambo unajizima wenyewe bila kumwomba mtu ruhusa. Turbini kubwa ikizimwa haiachwi isimame ghafla: inazungushwa polepole kwa saa nyingi, kwa sababu joto hupanda upande wa juu na shafti iliyosimama ingejipinda.

Na sisi watu wa visiwani tuna mawili ya ziada. La kwanza ni chumvi. Hewa ya baharini inaacha chumvi kwenye mapanga ya kompresa, chumvi inakula chuma, na kila kishimo ni mwanzo wa ufa. Ndiyo maana injini zinazofanya kazi pwani huoshwa ndani kwa maji safi mara kwa mara, hata kila siku. La pili ni ndege wenye manyoya. Kunguru waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 ili wale taka, na leo wako kila mahali. Ndege akiingia kwenye injini anaweza kulipinda au kulimega panga, na hapo hesabu ya gramu moja na mifuko mitatu ya saruji inaanza upya. Ukitupa mabaki ya chakula ovyo karibu na kiwanja, nawe umo kwenye hesabu hiyo.

Wiki sita baadaye

Nilikuwa bado karakanani tarehe ya pili ya shangazi ilipofika. Nikaomba ruhusa. Safari hii nilimweleza nyumbani, usiku, kabla ya kulala.

"Shangazi, unakumbuka ile bembea ya kuzunguka kule Kariakoo, yenye viti vya minyororo?"

"Naikumbuka. Nilikupandisha ukalia."

"Ikiwa imesimama, kiti kinachezacheza. Mtoto anahama huku na huku. Ikizunguka kwa kasi je?"

"Anabanwa. Hata ukimwita hageuki."

"Basi yale mapanga ndiyo hivyo. Yakilia, ujue bembea imesimama."

Akakaa kimya kidogo. Kisha akaniuliza, "Sasa siku ile kwa nini hukuniambia hivi?"

Nikamwambia kweli, kwamba siku ile nilikuwa sijui. Nilijua kuukokotoa, sikujua kuusema.

Asubuhi tulipita mbele ya injini, upepo upo, ka, ka, ka. Hakusimama. Kule kliniki daktari alisema presha ilikuwa imepanda, na pembeni mwa jicho la kushoto kuna kidogo kilichopotea. Kwa ugonjwa ule, kilichopotea hakirudi. Hakuna anayeweza kusema kilipotea lini, kabla ya zile wiki sita au ndani yake, na shangazi hajawahi kuniuliza.